Mzee Mwangwi, Aliyetangaza Treni kwa Mapigo ya Rege

Baada ya miaka thelathini na minne ndani ya kibanda cha matangazo cha stesheni yetu, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mzee Mwangwi alizima kipaza sauti chake tarehe thelathini ya mwezi uliopita, saa nne asubuhi na dakika kadhaa. Hizo dakika kadhaa ndizo zilizotufanya tumwandikie kwa kirefu kuliko wastaafu wengine. Ukiacha siku moja ya daraja bovu, treni ya saa nne haikuwahi kuchelewa tangu reli ilazwe. Siku hiyo ilichelewa kwa makusudi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Mkuu wa Stesheni, ambaye kulalamika ni sehemu ya kazi yake.

Mzee Mwangwi hakuanza kazi akiwa mtangazaji. Aliajiriwa katika chumba cha mizigo iliyosahauliwa, kile chenye dirisha moja linalotazama matangi ya maji. Humo alikuta miavuli ya kutosha kuezekea nyumba, kiti cha kinyozi, na mguu mmoja wa bandia ambao haukuwahi kuuliziwa, na hadi leo tunajiuliza mwenyewe alishukaje. Akakuta pia sanduku la mbao lililojaa santuri. Kanuni ya stesheni, kama wengi wenu mjuavyo, husema kitu kisichodaiwa kitumike kwa manufaa ya abiria. Mguu ukapewa kazi ya kuzuia mlango wa ofisi usijifunge. Santuri zikapelekwa kibanda cha matangazo, palipokuwa na gramafoni kuukuu, na kijana wa mizigo akazifuata. Mtangazaji wa zamani alipopoteza sauti kwa mafua, kijana akashika kipaza sauti kwa muda. Huo muda ndio uliokwisha juzi.

Aliyekuwa akija kusikiliza santuri naye wakati wa chai ni dereva wa treni ya saa nne, ambaye sote twamwita Honi. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Honi alikuwa na dada aliyekaa dirisha la tiketi, na haikuchukua muda Mwangwi akaanza kununua tiketi za safari asizosafiri. Alipofikisha tiketi za kwenda kila stesheni ya njia hii bila kupanda behewa hata moja, binti akamwuliza kwa ukali, "Kaka, wewe unataka kusafiri au unataka kuoa?" Wakaoana. Ukipenda boga penda na ua lake, na ua la boga hili lilikuwa shemeji mwenye kichwa cha treni.

Sasa hapa ni lazima tusimame kidogo tueleze habari ya rege yenyewe, maana bila hiyo kisa cha watu hawa wawili hakieleweki, na vijana wetu wa karakana wanadhani rege ilianza na simu zao.

Rege ilizaliwa katika kisiwa cha Jamaica. Kabla yake kulikuwa na mento, muziki wa watu wa kawaida, wa gita, banjo, ngoma za mkono na nyimbo za utani. Kisha redio zikaleta miziki ya Marekani, na watu wa mji mkuu wakajenga spika kubwa kama makabati, wakazisimamisha viwanjani na kuwapigia santuri wote waliokuja kucheza. Zilipokutana mento na miziki ile ya redioni, pamoja na jazi, ikatoka ska, mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini. Ska ni ya mbio. Tarumbeta zinafoka, besi inatembea bila kupumzika kama mtu aliyechelewa kazini, na gita linapiga katikati ya mapigo, pale ambapo mguu wako umeinuka haujatua. Ukitaka kuisikia ska bila santuri, simama jukwaa la pili treni ya saa nne inapoingia.

Katikati ya miaka ya sitini mwendo ukapungua, ikaja rocksteady. Wapo wasemao ni kwa sababu ya kiangazi kimoja cha joto kali, wachezaji wakachoka kuruka. Lakini si mwendo tu uliobadilika. Besi iliacha kutembea ikaanza kuzungumza: inasema neno, inanyamaza, inangoja, inasema tena. Tarumbeta zikarudi nyuma na waimbaji wakaanza kubembeleza. Muongo ule ulipokaribia kwisha, rege yenyewe ikaingia, na kinanda kikichemka chini kwa chini kama sufuria yenye kifuniko.

Ni juu ya hiyo rocksteady ndipo undugu ulipovunjika. Gramafoni ya kibandani ilitegemea umeme wa stesheni, na umeme wa stesheni wakati ule ulikuwa na tabia zake. Asubuhi ulikuwa mzima. Mchana, karakana ilipowasha mashine zake zote, ulilegea, na santuri ikazunguka polepole hata mwimbaji mwenye sauti nyembamba akawa babu mwenye kifua. Kwa kuwa treni yake ilimrudisha mchana, Honi alisikiliza ska nyingi za umeme uliolegea. Mwangwi alisikiliza asubuhi. Siku Mwangwi alipomwekea rocksteady halisi na kumweleza kwamba huu ni mtindo mwingine wenye jina lake, Honi alicheka mpaka akamwaga chai.

"Shemeji," alisema, "hiyo ni ska umeme umepungua."

Mwangwi alidhani ni utani. Haukuwa utani. Walibishana chai ikapoa, wakabishana treni ikakaribia kuondoka, wakafuatana hadi mlangoni, Mwangwi akisema kichwa cha shemeji yake kimejaa moshi, Honi akijibu kwamba cha mwenzake kimejaa waya. Wakaapiana. Mwangwi aliapa kwamba hatamwita Honi shemeji mpaka akubali rocksteady ni mtindo. Honi aliapa kwamba hataketi meza moja na Mwangwi mpaka akubali ni tatizo la umeme. Dada mtu, ambaye kuanzia hapa tumwite Mama wa Tiketi, alisikia yote kupitia kioo cha dirisha lake. Alidhani yataisha kabla ya mwezi kuandama. Miezi mingi imeandama tangu hapo.

Basi wakawa wanazungumza kwa njia moja tu iliyobaki. Mwangwi alitangaza: "Treni ya saa nne inaingia jukwaa la pili, inaendeshwa na mtu fulani, kwa mwendo wa ska, na ska si rocksteady." Kutoka kwenye kichwa cha treni zikaja honi mbili fupi, zikipigwa katikati ya mapigo, ambazo hata wafagiaji walijua maana yake: umeme umepungua. Abiria nao wakagawanyika. Wa jukwaa la kwanza walikuwa wa rocksteady, wa jukwaa la pili wa ska. Tunamkumbuka bwana mmoja aliyeshindwa ubishi jukwaa la kwanza, akaona aibu kuendelea kusimama na waliomshinda, akavuka na kupanda treni ya kumpeleka upande usio wake. Aliporudi kesho yake alisema amepumzika vizuri.

Msidhani njia hiyo ilibeba ubishi peke yake. Mtoto wa kwanza wa Mwangwi alipozaliwa, mjomba mtu alipata habari pamoja na abiria wote: "Jukwaa la pili, tahadhari. Ni wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Anayehusika amesikia." Honi ilipigwa kuanzia kwenye nguzo ya ishara hadi mwisho wa jukwaa, bila kupumua. Mama yake Honi alipofariki, kipaza sauti kilisema tu, "Treni ya saa nne, pole." Treni ikaingia kimya.

Kwa upande wa utendaji kazi, Mzee Mwangwi aliacha alama ambazo idara yetu haitaweza kuzifuta hata ikijaribu. Ya kwanza ni pigo tupu. Katika rege, kuna upigaji ambao ngoma kubwa hunyamaza kwenye pigo la kwanza, pale ambapo sikio linaitarajia, kisha inatua kwenye la tatu. Mwangwi aliupenda mno hata akawa mara nyingi haanzi tangazo kwenye pigo la kwanza. Neno la kwanza alilimeza. Abiria walisikia: "...ya saa tatu inaingia jukwaa la kwanza."

Mkuu wa Stesheni alipanda ngazi za kibanda akihema. "Nini ya saa tatu?" aliuliza.

"Treni, mkuu. Hapa stesheni ingekuwa nini, ng'ombe?"

Mkuu alitaka kujua kwa nini basi asiseme neno zima kama watangazaji wengine wa dunia hii. Mwangwi akamjibu kwa upole kwamba pigo la kwanza huachwa wazi kama kiti cha mgeni. Ukilijaza wewe mwenyewe, atakayekuja atakaa wapi? Mkuu akateremka ngazi akiwa amesahau karipio alilokuja nalo, na kipaza sauti, ambacho muda wote huo kilikuwa wazi, kikapeleka mazungumzo yote hadi vyooni.

Alama ya pili ni siku ya roots, yaani rege ya ibada. Daraja lilikuwa limeharibika na treni zote zimekwama, abiria wamejaa, wamekasirika, wengine wameshaanza kung'oa benchi. Mwangwi alieleza kwenye kipaza sauti kwamba miaka ya sabini rege iliingiwa na imani ya Kirasta, na ngoma za ibada zao zenye mdundo kama wa moyo, na nyimbo zikawa za watu wanaoteswa wanaongoja kuokolewa. Akasema kwamba kwa maoni yake abiria waliokuwa pale wametimiza masharti yote. Kisha akagonga meza kwa viganja, taratibu, du-dum, du-dum, mpaka benchi zikarudishwa chini na watu wakazikalia. Mama mmoja mwenye kuku watatu alilia machozi, na alipoulizwa alisema hajui ni ya muziki au ya daraja.

Ya tatu ni dub, na hapa tutasema kweli yote kwa kuwa mhusika ameshastaafu na hawezi kuchukuliwa hatua. Dub ni kazi ya fundi mitambo wa studio. Anachukua wimbo uliokamilika, anaondoa sauti ya mwimbaji, anaacha ngoma na besi, halafu anarudisha vipande vya sauti vikizama na kuibuka katika mwangwi. Mwangwi alitambua kwamba spika zetu zimetawanyika jukwaa zima, kila moja inafika sikioni kwa wakati wake, na kwa hiyo stesheni yenyewe ni dub tangu ilipojengwa. Kilichobaki ni kuondoa maneno ya ziada. Ndipo alipopata jina lake, na ndipo wakaguzi walipofika kutoka makao makuu kupima ubora wa matangazo. Walisikia: "Treni... eni... eni... jukwaa... ondoka... doka... doka..."

Wakaguzi ni watu watiifu. Waliondoka. Walipanda kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa treni ya mizigo, wakafika kiwanda cha saruji, wakapokewa kwa heshima kama wanunuzi wakubwa, wakatembezwa, wakapigwa picha. Walirudi siku ya pili wakiwa weupe hadi kope. Taarifa yao ilisema matangazo ya stesheni yetu yana uwezo wa pekee wa kuwafanya abiria waondoke bila kusukumwa. Tulipata cheti. Kipo ukutani, juu ya mguu unaozuia mlango.

Baadaye aliendelea na mitindo mingine. Alijifunza kughani juu ya ngurumo ya injini, kama walivyofanya wale waliokamata vipaza sauti viwanjani Jamaica na kuongea kwa mashairi juu ya santuri isiyo na mwimbaji. Kwa wachumba walioagana alitumia rege laini ya mapenzi, ile iliyokolezwa na vijana wa Kikaribi waliokulia London. Miaka ya vinanda vya umeme ilipoleta dancehall, yenye maneno ya mbio na midundo ya mashine, aliijaribu kwa wiki moja, abiria wakakimbilia treni ambazo hazijafika, akaiacha. Alisema anaiheshimu, ila magoti ya abiria wetu hayakuumbwa kwa ajili yake.

Kadiri siku ya kustaafu ilivyokaribia, sisi tulifikiria keki na viti. Mama wa Tiketi alifikiria jambo jingine. Siku moja alifungua kidirisha chake, akatutazama tuliokuwa kwenye foleni, tukashangaa, maana tulifuata chenji ya chai tu, akasema: "Nyie mnacheka. Mume wangu akizima kile kidude, hawa watu wawili hawana tena pa kuzungumzia. Kaka yangu hawezi kuja na treni sebuleni kwangu. Watanyamaziana mpaka mmoja azikwe, na hata hapo aliyebaki atabisha kaburini." Hatukucheka tena. Ilikuwa kweli tupu. Ubishi ule wote wa miaka ulikuwa uzi, na uzi wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye kipaza sauti.

Alijaribu yote. Aliwapelekea watoto wakawaombe. Watoto wakarudi wamegawanyika, wawili ska, mmoja rocksteady. Mwisho aliibeba gramafoni mwenyewe hadi nyumbani kwa kaka yake, ambako siku hizi umeme hautetereki, akaweka santuri ya rocksteady, akamwambia: "Kaka, leo usisikilize mwendo. Sikiliza besi tu, kama unavyosikiliza injini." Kisha akaenda kukaa uani. Honi alisikiliza upande wa kwanza. Akaugeuza. Akausikiliza wa pili. Alipomrudishia dada yake gramafoni, alikuwa ameifuta vumbi. Mama wa Tiketi alitueleza habari hiyo ya vumbi mara nyingi, kama mtu anayegeuza sarafu kuona ina upande gani mwingine.

Siku ikafika. Meza iliwekwa mwisho wa jukwaa la pili, kitambaa cheupe, viti viwili. Mkuu wa Stesheni alikuwa na hotuba. Mwangwi alikuwa kibandani kwa tangazo lake la mwisho, treni ya saa nne. Saa nne ikafika, treni haikufika. Mkuu alitazama saa yake, akatazama ya ukutani, akaomba kuona ya abiria mmoja. Mama wa Tiketi alisimama nyuma ya kioo, mikono kifuani.

Spika zikakwaruza. Kwa kawaida Mwangwi angelimeza neno la kwanza na kuendelea. Safari hii alilimeza, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida, hata tukadhani amezimia, halafu likaja tangazo lililobaki kwa sauti ndogo ambayo hatukuijua: "...ya saa nne imechelewa. Inaendeshwa na shemeji yangu. Tunamngoja."

Shemeji. Neno lile likapita spika moja hadi nyingine, likarudi, likapita tena: meji, meji, meji. Mwangwi aliacha pigo wazi.

Kutoka mbali, nyuma ya ishara, honi ikajibu. Moja tu, ndefu, ya chini. Kisha tukaiona treni. Ilikuja polepole mno. Magurudumu yalipogonga maungio ya reli hayakukimbizana kama zamani. Yaligonga, yakanyamaza, yakangoja, yakagonga tena. Mkuu alipiga kelele kwamba injini imekufa, aitwe fundi. Abiria wa jukwaa la kwanza walishatambua, wakaanza kuvuka kuja la pili kuwakumbatia wapinzani wao. Mfagiaji alikuwa anayumba na ufagio wake. Kichwa cha treni kilipofika chini ya kibanda kikasimama, na Honi akatoa kichwa na kifua chote dirishani, kofia mkononi.

"Shemeji!" aliita. "Umeme uko sawa leo! Ni mwendo wenyewe!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi kama kawaida yake, na stesheni nzima ilimsikia mzee mzima akipenga kamasi, mara moja, kisha kwa mwangwi. Halafu tukasikia kitufe kikizimwa.

Mama wa Tiketi alifunga dirisha lake saa za kazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda kutafuta kiti cha tatu. Hotuba ya Mkuu haikusomwa. Kwenye meza watu wawili walikuwa wameanza kubishana iwapo mento ilikuwa na besi au haikuwa nayo, na hakukuwa na pengo la kupitisha neno.

Mzee Mwangwi, wafanyakazi wote wa stesheni, kuanzia karakana hadi dirisha la tiketi, tunakushukuru. Ulitupotezea treni chache na ukatupatia mengi ya kuongea tukizingoja. Kaa nyumbani kwa raha, na magoti yako yakutii. Shemeji akija kukutembelea, bishaneni mpaka chai ipoe, kisha wekeni nyingine jikoni. Mtangazaji mpya ameanza kazi. Anatamka kila neno, kuanzia la kwanza. Lakini kabla hajafungua mdomo, abiria wa majukwaa yote mawili hunyamaza kidogo, pigo moja, kukuachia kiti.